Mshairi aliyekuwa mpangaji

NEEMA: Haya jamani ni sisi wale wale, nimerudi, na Masinga leo kavaa jaketi utadhani yeye ndo katoka Uingereza.

MASINGA: Upepo wa Dodoma unaujua lakini? Tuambie, ulienda kozi ukaishia bustanini.

NEEMA: Kozi iliisha Ijumaa, kesho yake nikapanda treni mpaka Windermere, halafu basi, nikashukia kijiji cha Rydal, kwenye nyumba ya William Wordsworth, yule mshairi wa Uingereza wa zamani. Aise. Kijani mpaka macho yanauma. Bustani aliipanga mwenyewe, imekaa mlimani ngazi kwa ngazi, kuna kinjia alikuwa anapita huku anarudi kule anatunga kwa sauti...

MASINGA: Tajiri huyo.

NEEMA: Wapi! Mpangaji.

MASINGA: Nani mpangaji?

NEEMA: Wordsworth. Kahamia pale 1813, kafia pale pale 1850, nyumba ya Lady le Fleming, yeye analipa kodi tu.

MASINGA: Ngoja ngoja ngoja. Miaka 37 anapalilia maua ya mwenye nyumba?

NEEMA: Ndo hivyo. Na walihamia wakiwa na msiba, 1812 walizika watoto wawili, kule walikokuwa wanakaa wakifungua mlango wanaona kanisa na makaburi...

MASINGA: Pole yao. Ila kodi alikuwa analipa miezi sita sita au mwaka?

NEEMA: Masinga!

MASINGA: Si naulizia wasikilizaji wa Nkuhungu! Mimi nilipanda mwarobaini kwenye nyumba ya kupanga, nikaumwagilia maji ya ndoo kiangazi chote, umekua, mwenye nyumba kaja kakaa chini yake kanywa soda yangu, akasema sasa hapa pana kivuli, kodi inapanda.

NEEMA: (anacheka) Basi sikia, mwaka 1825 huyo Lady le Fleming akataka nyumba yake ampe ndugu yake. Wordsworth akafanyaje? Akanunua kiwanja pembeni pale, kwa bei ya kuumia, akaanza kuchora ramani ya nyumba.

MASINGA: Kiwanja! Mnamsikia? Mshairi mzima kakimbilia kiwanja! Huyo angekuwa Dodoma saa hizi yuko Nala na futi kamba.

NEEMA: Na hakujenga! Mama alighairi, wakabaki. Kiwanja akampa binti yake Dora, na Dora alipofariki 1847 wazee wakapanda dafodili shamba zima, ndo nilizozikuta juzi, njano tupu chini ya miti.

MASINGA: Umeona? Maua ya mtoto wake kayapanda kwenye ardhi yake. Hoja yangu imeisha.

NEEMA: Haijaisha, kwa sababu bustani yenyewe, miaka yote ile, kaitengeneza kwa mwenye nyumba, hata alipokuwa na kiwanja mkononi. Mpangaji naye ana macho, anataka kuamka aone ua. Usipande kitu miaka kumi eti unasubiri hati?

MASINGA: Napanda kwenye ndoo, nikihama nahama nayo.

NEEMA: Mwembe kwenye ndoo?

MASINGA: Mwembe unasubiri hati. Na yeye alikuwa na kazi ya serikali, si alikuwa mtu wa ushuru?

NEEMA: Ushuru wa stempu, ndiyo, kapata kazi hiyo 1813 hiyo hiyo.

MASINGA: Basi! Mtu wa mapato haogopi mwenye nyumba. Usimlinganishe na mimi.

NEEMA: Barua ya kuhama aliiogopa mpaka akanunua shamba, Masinga, tuwe wakweli.

MASINGA: Sikubali.

NEEMA: Na mimi sikubali. Na tuliahidi mambo matatu ya kutunza bustani huku kwenye ukame, halafu tumalizie na habari za mshairi wetu wa hapa Dodoma, Mathias Mnyampala, mzee wa ngonjera, hata moja hatujagusa.

MASINGA: Wanaofuata studio wanagonga mlango.

NEEMA: Basi Mnyampala wiki ijayo, Jumanne.

MASINGA: Jumanne sipo, naenda Nala na mpima ardhi. Tuweke Jumatano.