Maji Yaliyolala Bombani

Ndugu mafundi na wanafunzi, asanteni kwa kufika. Leo tuzungumze yanayotokea kabla chupa haijafika maabara: pale kisimani, juani, jenereta ikinguruma na watoto wa mtaa wametuzunguka.

Ukame wa mwaka 1997 ulipoikausha Dar es Salaam, watu walichimba visima kwa wingi, na hadi leo wanachimba. Tabaka la mchanga lililo chini yetu linavutwa maji kila siku, huku bahari ipo upande mmoja na vyoo vya shimo viko kila mtaa. Ndiyo maana tunahitaji visima vya ufuatiliaji, ambavyo hakuna anayeteka maji ya kunywa. Kazi yake ni kutuonyesha chumvi imefika wapi na nitrati itokayo vyooni imepanda kiasi gani.

Sasa, kisima kisichotumika, maji yake hulala. Yanakaa miezi ndani ya bomba lililozamishwa kisimani, yanaingiwa na hewa, yanapoteza gesi iliyoyeyuka ndani yake, na bomba likiwa la chuma yanachukua kutu. Ukichota juujuu umechota maji yaliyolala bombani, na maabara itakupimia kwa usahihi kabisa maji ambayo hukuyataka.

Kwa hiyo tunayatoa kwanza. Kabla ya kuwasha pampu, pima kina cha maji, maana ukishaanza kuvuta kipimo hicho umekikosa. Tuseme kisima kina mita 60 na maji yako mita 18 kutoka juu. Una mita 42 za maji. Bomba la inchi 4 hubeba karibu lita 8 kwa kila mita, yaani lita 330 hivi. Desturi ni kutoa mara tatu ya hizo, karibu lita 1,000: ndoo 50 za lita 20. Najua inachosha. Najua dereva huanza kuangalia saa kwenye ndoo ya ishirini.

Lakini msihesabu ndoo tu. Kila baada ya dakika tano someni pH, yaani uasidi wa maji, joto, na upitishaji umeme, ambao hupanda chumvi ikizidi. Vipimo vitatu mfululizo vikitulia, pH isipishane zaidi ya 0.1 na upitishaji umeme zaidi ya asilimia 3, hapo chukueni sampuli. Karibu na ufukwe nimeona kipimo cha umeme kikianza chini kabisa, ukadhani maji ni matamu, kisha kikapanda ndoo baada ya ndoo. Maji matamu ni mepesi, hukaa juu. Ya chumvi yamelala chini. Tungechukua ndoo ya kwanza, tungewaandikia watu wa mtaa ule kwamba chumvi haijawafikia. Andikeni pia pampu ilishushwa mita ngapi, ili safari ijayo irudi hapohapo.

Tazameni chupa hii. Niliijaza jana asubuhi, maji yakiwa maangavu. Leo ni kama chai ya rangi, na unga wa kahawia umetuama. Hakuna aliyeichafua. Kule chini hakuna oksijeni, chuma kilikuwa kimeyeyuka. Kilipokutana na hewa kikawa kutu, na kutu hiyo hushuka na metali nyingine, hata sumu ya aseniki. Mpimaji akichukua maji ya juu ataandika kwamba chuma ni kidogo. Dawa yake ni kuchuja palepale kisimani kwa chujio lenye matundu ya mikroni 0.45 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ndipo utie asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukitanguliza asidi, itayeyusha udongo uliomo na utapata metali ambazo hazikuwa zimeyeyuka majini. Na nitrati ipimwe kwenye chupa nyingine, maana asidi hiyo yenyewe inaleta nitrati.

Sampuli ya bakteria inataka chupa iliyotakaswa. Usiisuuze, usiguse ndani ya kifuniko, iweke kwenye barafu mara moja. Ifike maabara ndani ya saa 6. Saa 24 ndiyo mwisho kabisa. Anayeijua foleni ya Barabara ya Mandela apange safari yake mapema.

Lebo ziandikwe kwa wino usiofutika, chupa ikiwa bado kavu. Mwaka fulani barafu iliyeyuka, maandishi yakafutika kwenye chupa 12, na kazi ya siku nzima ikamwagwa. Wakazi walikuwa wakisubiri majibu yale. Bado inaniuma.

Kisima cha mazoezi kiko nyuma ya jengo hili, ndoo ziko mlangoni. Twendeni tukaanze na kina.