Kiungo Kifunguke Unapotaka Wewe

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Niko stesheneri, Sinza, na kabla sijagusa kitu naomba mtazame hapo juu ya skrini. Mnaona huo msururu? Vichupo 26, yaani kurasa 26 zilizofunguliwa kwa pamoja, vimebanana kama fremu za Kariakoo, hata majina hayasomeki. Hapa dukani tunaviita "tabu", na leo jina limevifaa. Mteja wa asubuhi alikuwa anaomba chuo. Kila akibofya kiungo, yaani link, kichupo kingine kinazaliwa. Kompyuta yenyewe ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 tu, feni ikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga.

Nimevifunga vyote. Tuanze upya: leo nawaonyesha jinsi ya kuamua wewe mwenyewe kiungo kifungukie wapi.

Chukua kipanya. Hiki cha mezani, sio Hiace. Lile gurudumu la katikati wengi mnalizungusha tu kupandisha na kushusha ukurasa, kumbe linabonyezeka, nalo ni kitufe. Angalia mshale wangu: nauweka juu ya kiungo hiki, "Sifa za mwombaji", sikibofyi kwa kidole cha kawaida, nabonyeza gurudumu. Umesikia huo mlio? Ukurasa niliokuwa nasoma uko palepale, na kichupo kipya kimekaa pembeni kinapakia kimya kimya. Nabonyeza kiungo cha pili, cha tatu, bado sijatoka nilipo. Sasa napandisha mshale hadi kwenye kichupo chenyewe, nabonyeza gurudumu lilelile: kimefungwa. Ukiondoka kwenye video hii na kitu kimoja tu, ondoka na hiki.

Laptop haina kipanya? Shikilia Ctrl, kisha bofya kiungo, matokeo ni yaleyale. Ukishikilia Ctrl na Shift kwa pamoja, kichupo kipya kinafunguka na wewe unahamia huko huko. Wenye Mac, kila nikisema Ctrl, ninyi shikeni Command.

Ila jamani, kichupo kikifunguka nyuma kinaanza kula bando hapo hapo, hata kama hujakitazama. Usifungue kumi halafu ukalaumu mtandao.

Sasa tuje kwa wakaidi. Kuna viungo ambavyo hata ukivibofya kawaida vinakufungulia kichupo kipya bila kukuuliza. Hiyo sio kasoro ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa kama Chrome. Aliyetengeneza ukurasa ameandika target="_blank" kwenye msimbo wa kiungo, yaani maandishi yanayokiunda, na kivinjari kinatii. Kwenye Chrome hutapata swichi ya kuzuia hilo, usihangaike kutafuta kwenye mipangilio. Ninachofanya mimi ni hiki: nakikamata kiungo kwa kitufe cha kushoto, sikiachii, nakiburuta hadi juu, nakidondosha juu ya kichupo nilichomo. Kimefunguka humohumo. Angalia usikidondoshe katikati ya vichupo viwili, maana hapo utazaa kingine.

Firefox, kivinjari kingine, ndiyo inakupa mamlaka kamili. Kwenye sehemu ya anwani andika about:config, gonga Enter. Litatokea onyo, likubali, lakini usianze kuchezea vitu usivyovijua humo ndani. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika browser.link.open_newwindow. Itakuja pia mistari yenye jina refu zaidi ya hapo. Wewe chagua wenye jina hili tu, unaoishia hapo. Thamani yake ni 3, maana yake kichupo kipya. Ingekuwa 2, lingefunguka dirisha jipya. Bofya kialama cha kalamu, futa 3, andika 1, kisha bofya alama ya vema. Nakibofya tena kile kiungo kikaidi... ona, kimefunguka kwenye kichupo kilekile.

Hapa dukani, hata hivyo, nimeiacha kwenye 3. Yule mteja wa asubuhi alikuwa ameshajaza nusu ya fomu. Tungekuwa na 1, angebofya "Soma masharti", masharti yangekuja juu ya fomu yake. Kitufe cha kurudi nyuma mara nyingine kinakurudishia ulichoandika, mara nyingine kinakurudishia visanduku vitupu, na mtu ametoka Mbagala kwa daladala mbili kuja kujaza. Kwenye kompyuta yako ya kusomea habari weka 1. Kwenye ya fomu, acha.

Kwenye Firefox hiyohiyo, ingia mipangilio ya kawaida, sehemu ya vichupo. Kuna kisanduku cha kuamua kama ukifungua kiungo kwenye kichupo kipya uhamie hapo mara moja au ubaki ulipo. Mimi nabaki.

Simu sasa, haraka haraka. Android, kwenye Chrome: kandamiza kiungo usiachie, menyu itatokea, chagua kichupo kipya. Iwapo chaguo lako ni lile la kundi, kitajipanga pamoja na ukurasa ulikotoka. iPhone: ingia mipangilio ya kivinjari chake, Safari, tafuta sehemu ya kufungua viungo, chagua kama kichupo kije mbele au kibaki nyuma.

Na ukifunga kichupo kwa bahati mbaya, kama mimi sasa hivi, mmeona? Nimefunga kisicho chenyewe. Ctrl, Shift na T kwa pamoja. Hicho hapo, kimerudi.