Pengo Kati ya Hesabu Mbili

Ndugu wasikilizaji, tukisikia mgogoro wa ardhi mjini tunawaza tingatinga na mabango. Hayo huja mwishoni. Mimi nataka tuanzie kwa mthamini.

Chukueni nyumba ya chini yenye vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake. Mthamini anapima kuta, anakagua mabati, anaandika thamani ya nyumba ilivyo leo. Mwekezaji hana haja na kuta hizo, atazibomoa. Anachonunua ni ghorofa ishirini zitakazoruhusiwa pale barabara ikishapita. Mwaka 1979 mwanajiografia Neil Smith alieleza kwamba pengo kati ya hesabu hizo mbili likipanuka vya kutosha, ndipo mtaji hurudi kwenye mitaa iliyochakaa.

Na pengo hilo nani kalitengeneza? Kwa sehemu kubwa ni umma: barabara, bomba la maji, sahihi ya ofisa aliyebadili matumizi ya kiwanja. Swali la uchumi wa kisiasa ni nani ataondoka nalo.

Tazameni Paris. Kuanzia 1853 Haussmann, mtawala wa jiji hilo aliyetumwa na Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, alilipasua kwa barabara pana. Mahesabu yake yalikuwa hivi: jiji likope, litwae viwanja vizima, lifungue barabara, kisha liuze mabaki ya kando kwa bei mpya na kulipa deni. Mwishoni mwa 1858 ikaamuliwa kwamba mabaki yarudishwe kwa wenye viwanja. Faida ikahamia kwao, deni likabakia jijini. Mgogoro mkubwa namna ile, na uliamuliwa kwa karatasi! Wafanyakazi wengi waliopanga katikati ya jiji walisukumwa pembezoni. Haussmann mwenyewe aliondolewa 1870, madeni yakiwa yamemwandama.

Hapa watetezi wa wakazi huwa wanateleza, kwa maoni yangu. Wanasema "wananchi" kana kwamba wote wana dai moja. Mwenye nyumba mara nyingi anagombea fidia ipande, akiipata, anaondoka. Mpangaji anataka mradi usimame, kwa sababu hana hati, na wateja wake wa mtaani hawamo kwenye fomu ya mthamini. Mwekezaji analijua hilo vizuri, ndiyo maana hupenda kuzungumza na wenye hati mmoja mmoja, faragha, kabla mkutano wa mtaa haujaitishwa.