Goti la mbuzi liko wapi? Tusafishe mifupa ya mguu wa nyuma tuone

Karibuni tena. Leo nipo uani kwangu Uyole, Mbeya, baridi ya mwezi wa saba, mlima Loleza hauonekani kwa ukungu. Mkinisikia natetemeka, vumilieni.

Kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu: goti la mguu wa nyuma wa mbuzi liko wapi? Wote wanaonyesha pale katikati panapopinda kuelekea nyuma. Hapana. Leo tutapika huo mguu, tutoe mifupa, tuipange, kila mtu ajionee.

Anza buchani. Omba mguu mzima wa nyuma, kuanzia paja hadi kwato, na uwahi kusema kabla panga halijashuka kwenye gogo. Muuzaji wangu pale sokoni Mwanjelwa aliniuliza, "Mwalimu, huu unapika au unazika?" Chagua mbuzi aliyekomaa. Mara ya kwanza nilichukua ndama wa mbuzi, yaani mwanambuzi, nikauchemsha mno, vichwa vya mifupa vikachomoka kama vifuniko vya kalamu. Kwa mnyama anayekua, kati ya kichwa na mpini wa mfupa kuna gegedu, tishu laini kuliko mfupa, na ndipo mfupa unaporefukia. Watoto wetu wako hivyo hivyo, mpaka ujana unapokwisha gegedu hilo linageuka mfupa.

Kabla hujaweka kisu, sogeza kamera hapa. Mmeona huu uwazi kati ya kano nene na mfupa? Hapa ndipo mchinjaji anapopitisha ndoano kumtundika mbuzi. Sasa shika nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino. Umeigusa kano? Ni ile ile. Basi hiki kinachochomoza nyuma ya mguu wa mbuzi ni kisigino chake.

Chuna ngozi, toa nyama (hiyo ni mboga ya usiku, usiitupe). Sehemu ya chini, yenye kwato, itie ndani ya soksi kuukuu uifunge. Vidole viwili vya mbuzi vina mifupa mitatu mitatu, halafu nyuma yake kuna vipunje vidogo kama maharage. Bila soksi utavimwaga na maji.

Injika sufuria, moto mdogo. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanatokota kwenye nyuzijoto 94 hivi, kwa hiyo wa Dar watamaliza mapema kuliko sisi. Usiongeze mkaa kwa haraka. Mfupa ni madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyoshikwa na nyuzi za protini. Ukitokota sana, zile nyuzi zinageuka supu, unabaki na kitu kama chaki. Nyama ikilegea, epua, kwangua kwa mswaki wa zamani. Makwato yatachomoka yenyewe kama viatu.

Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo. Badilisha maji yakichafuka. Mafuta ya uboho hutoka polepole, wiki moja au mbili. Weka mbali na mbwa, nasema kwa uchungu.

Kuifanya mifupa iwe myeupe, nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 duka la dawa. Vaa glavu, na chombo usikikaze kifuniko maana hutoa gesi. Dawa ya klorini ya kufulia usiguse kabisa, inakula mfupa. Suuza, anika kivulini.

Sasa ubao. Juu weka mfupa wa paja. Unaofuata ni muundi, na hapo walipokutana, mbele, weka hiki kifupa cha duara: pia ya goti. Ndiyo, goti ni hili! Kwa mbuzi aliye hai liko juu, karibu na tumbo. Ule mfupa mwembamba unaokaa pembeni ya muundi wetu, kwake umebaki kifupa kimoja kidogo kando ya kifundo.

Chini ya muundi panga vifupa vya kifundo, kisigino kikitazama nyuma. Kisha huu mrefu. Sogea karibu: mbele una mfereji mwembamba wima, na mwisho wake umegawanyika kama kapi mbili za kupitishia kamba. Ni mifupa miwili ya wayo iliyoungana ikawa mmoja. Sisi tunayo mitano, imeachana.

Malizia kwa vidole na kwato. Kabla ya kutia gundi, simama pembeni ya ubao, nyanyua visigino vyako juu kabisa, ubaki kwenye ncha za vidole. Hivyo ndivyo mbuzi anavyopanda mlima kutwa nzima. Mimi sekunde kumi zimenitosha.

Tia gundi kuanzia juu kushuka, pia ya goti iwe ya mwisho, iache hadi kesho.