Mbegu Hazikutoka Kigoma, na Ushuru Hatukuafikiana

MAMA SHUKURU: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo nimekuja na karatasi, mafunzo manne kwa nchi zinazoishi kwa kuuza mazao ghafi. Lakini kwanza nianze na kijiji cha Simbo, hapa Kigoma. Jumamosi nilikuwa kwenye mashine ya kukamulia, akaja mnunuzi wa mawese. Akafungua dumu, akanusa, akaonja kwa kidole, madumu mengi akayaacha. Machache aliyoyachukua aliyalipia bei ya sabuni.

BABA NEEMA: Yalikuwa yamechacha?

MAMA SHUKURU: Yamechacha. Mikungu ililundikwa siku nne kabla ya kuchemshwa.

BABA NEEMA: Basi tulieleze hili vizuri. Ndani ya chikichi kuna kimeng'enya kinachovunja mafuta yawe asidi huru. Tunda likipondeka, kinaanza kazi. Watu wanalundika mikungu ili chikichi zipukuchuke bila kutumia nguvu nyingi, na siku hizo hizo za kusubiri ndizo zinazoharibu mafuta. Ukikata, chemsha ndani ya saa 24, maana joto linakiua. Biashara ya kimataifa ya mawese ghafi inataka asidi isizidi asilimia 5. Ikizidi hapo, kiwanda cha kusafisha kinapoteza mafuta mengi, kwa hiyo anayebaki kukununulia ni mtu wa sabuni.

MAMA SHUKURU: Na maji. Mafuta yakishaenguliwa, yarudi motoni mpaka yaache povu na ule mlio wa kupasuka. Ukifunga dumu na maji ndani, asidi inaendelea kupanda hata kama dumu limekaa kivulini.

BABA NEEMA: Umeona sasa? UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, wanasema nchi inategemea bidhaa ghafi ikiwa zaidi ya asilimia 60 ya mauzo yake ya bidhaa nje ni hizo. Watu wakisikia hivyo wanalilaumu zao. Mimi zao silisemi vibaya, shida ni namna tunavyolishughulikia. Malaysia walikuwa watu wa mpira na bati, wakaingia kwenye mawese kwa nguvu miaka ya 1960, na wakaendelea.

MAMA SHUKURU: Umeitaja Malaysia, basi leo hatutoki! Kila kipindi tunaandikiwa ujumbe ule ule: "Waambieni Malaysia walichukua mbegu Kigoma."

BABA NEEMA: Tulimalize leo hii. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa kwenye bustani ya Bogor, kisiwa cha Java. Miwili ilitoka Amsterdam, miwili ikapitia visiwa vya Bahari ya Hindi. Michikichi mingi ya mwanzo ya Asia ya Kusini Mashariki ni uzao wa hiyo minne. Shamba la kwanza la biashara Malaysia, Tennamaram, lilipandwa 1917. Kigoma haimo.

MAMA SHUKURU: Lakini mti ni wa Afrika.

BABA NEEMA: Ni wa Afrika, asili yake Magharibi na Kati. Ila ukitaka kujua walichochukua jirani na sisi, angalia ng'ambo ya ziwa, ndani kabisa Congo, kituo cha utafiti cha Yangambi. Mwaka 1941 watafiti Beirnaert na Vanderweyen walieleza siri ya ganda. Dura ina ganda nene. Pisifera haina ganda, lakini mikungu yake kwa kawaida huoza kabla ya kukomaa. Ukizichavusha pamoja unapata tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta.

MAMA SHUKURU: Na hapo ndipo wakulima wetu wanapoliwa. Mtu anaona tenera ya jirani imezaa vizuri, anaomba mbegu, anaotesha nyumbani.

BABA NEEMA: Anaharibu shamba. Tenera ikichavushwa na tenera, robo ya watoto ni dura, nusu ni tenera, robo ni pisifera. Ekari moja kwa nafasi ya mita 9 za pembetatu inabeba kama miche 57, kwa hiyo miti 14 hivi ya pisifera itakula mbolea na kukupa mikungu iliyooza. Ikichavushwa na dura za jirani, kama mashamba yetu mengi yalivyo, nusu inarudi dura. Na utalijua hilo mwaka wa tatu, mti ukianza kuzaa.

MAMA SHUKURU: Kuna njia ya kutazama. Kata chikichi katikati kwa kisu kikali. Tenera utaona ganda jembamba, na kulizunguka kuna duara la nyuzi nyeusi ndani ya nyama. Dura haina hilo duara. Fanyeni hivyo kwenye mti kabla hamjausifia.

BABA NEEMA: Ila hata tenera ya uhakika usiitoe mbegu. Miche ichukuliwe TARI Kihinga, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo hapa Kigoma, palipofanyika uchavushaji wa makusudi. Na kuna mdudu.

MAMA SHUKURU: Hatujaugusa uchumi, Baba Neema.

BABA NEEMA: Huo ndio uchumi. Malaysia walikuwa wanalipa vibarua wapite shambani kuchavusha maua kwa mkono. Mwaka 1981 wakaleta kutoka Cameroon fukusi mdogo, Elaeidobius kamerunicus, akaifanya kazi ile bure. Na tangu 1979 walikuwa na taasisi ya utafiti wa mawese, PORIM, iliyoendeshwa kwa tozo ya kila tani. Zao lilijilipia utafiti wake.

MAMA SHUKURU: Na ushuru pia. Walitoza mawese ghafi yanayotoka nje, yaliyosafishwa wakayapunguzia au kuyaachia. Viwanda vikajengwa kwao. Ndiyo maana nasema ushuru wetu ubaki juu. Tanzania tunaagiza sehemu kubwa ya mafuta tunayokula. Soko tunalo ndani, la nini kuliacha wazi?

BABA NEEMA: Hapana, hapo umechanganya. Wao walitoza kinachotoka ili wasafishe na kuuza duniani. Sisi tunatoza kinachoingia. Bajeti ya 2018/19 iliweka asilimia 25 kwa mafuta ghafi, 35 kwa yaliyosafishwa. Ile tofauti ya 10 inamlinda nani? Mwenye kiwanda cha kusafisha Dar es Salaam, anayeagiza ghafi kwa meli.

MAMA SHUKURU: Na ile 25 inamlinda mkulima wa Mwandiga, hapa kwetu Kigoma. Iondoe uone.

BABA NEEMA: Inamlinda wakati hana shida. Bei ya dunia ikiwa dola 1,600 kwa tani, asilimia 25 ni dola 400. Ikishuka 800, kinga inabaki dola 200. Kinga inapungua siku ile ile anayoihitaji.

MAMA SHUKURU: Basi tozeni kiasi maalumu kwa kilo, kisichoyumba na bei. Hilo linarekebishika. Ukiondoa kinga, nani atapanda mti wa kuanza kulipa mwaka wa tatu?

BABA NEEMA: Na mama ntilie anayenunua mafuta ya kukaangia atalipa nini? Tena Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Mafuta yetu yakifika kule yameshabeba nauli, yanakutana na ya melini. Mimi naangalia Burundi na Congo, tupo nao Jumuiya ya Afrika Mashariki, Congo tangu 2022.

MAMA SHUKURU: Burundi wana michikichi yao Rumonge, Congo ndio usiseme. Utamuuzia mvuvi samaki?

BABA NEEMA: Nitamuuzia yenye asidi chini ya 5, yenye daraja na karatasi ya maabara.

MAMA SHUKURU: Maabara nani atajenga kabla soko halijalindwa? Sikubali.

BABA NEEMA: Nami sikubali. Kinga isiyo na tarehe ya mwisho inamfuga mwenye kiwanda, mkulima anabaki na dumu lake.

MAMA SHUKURU: Fundi ananionyesha dakika mbili. Mafunzo yangu manne hata la kwanza halijasomwa. Kuna la kahawa, namna mkataba wa nchi wa kugawana kiasi cha kahawa ya kuuza ulivyovunjika 1989 na bei ikaporomoka, nalo lina mengi.

BABA NEEMA: Liache, linataka kipindi chake.

MAMA SHUKURU: Basi nijibu swali la msikilizaji wa Kasulu: miche ikae kitaluni muda gani?

BABA NEEMA: Miezi 10 hadi 14. Ipeleke shambani mvua zikishashika, sio mvua ya kwanza. Na mkungu uukate ukiona chikichi chache zimeanguka zenyewe chini ya mti. Ukiwahi mno, mafuta hayajajaa.