Watoto wa Muheza na Dripu ya Haraka

Wanafunzi wa uuguzi, wazazi wenzangu, na wazee wetu mliotoka Muheza na Pongwe, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nieleze utafiti wa tiba unamfaa nini mgonjwa. Mifano yangu yote ni ya humu humu mkoani Tanga.

Mtoto analetwa wodini na homa kali. Miguu ya baridi, anahema kwa taabu, fahamu zinampotea. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi ya dripu kwa haraka, ndani ya saa moja, ili damu izunguke. Ndivyo walivyofanya Ulaya, na sababu yake ilieleweka. Lakini hakuna aliyekuwa amepima kama njia hiyo inawafaa watoto wa hospitali zetu, ambazo hazina mashine za kumsaidia mtoto kupumua.

Mwaka 2009 ulianza utafiti ulioitwa FEAST, katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa upande wetu ilikuwa Hospitali Teule, Muheza. Watoto waligawanywa kwa kura: wengine walipata dripu ya haraka, wengine hawakupata. Najua mzazi akisikia kura moyo unamruka. Basi elewa kwamba wote walitibiwa: dawa ya malaria, antibiotiki, oksijeni, na damu kwa aliyeihitaji. Kura iliamua jambo moja tu, ambalo ndilo lililokuwa halijulikani. Daktari angechagua mwenyewe, angewapa dripu wale walio hoi zaidi, na mwishoni tusingejua kilichoua ni ugonjwa au ni maji.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilisimamisha utafiti kabla ya wakati wake. Watoto 3,141 walikuwa wameshaingia. Katika kila mia waliopewa dripu ya haraka, kati ya kumi na kumi na mmoja walifariki ndani ya siku mbili. Kwa wasiopewa, walikuwa saba.

Tafadhali msiipite hesabu hiyo mbio. Ni watoto watatu zaidi katika kila mia, waliofariki mikononi mwa wahudumu wenye nia njema, waliofuata kitabu. Nia njema haikutosha kuonyesha madhara, kwa sababu muuguzi wa zamu humwona mtoto mmoja mmoja, na wengi walipona. Tofauti kama hiyo huonekana wanapohesabiwa maelfu.

Wanafunzi, hapa muwe waangalifu sana: watoto wenye kuharisha na kuishiwa maji hawakuwa katika utafiti huo. Hao bado wanahitaji maji, tena bila kuchelewa.

Mfano wa pili ni wa furaha. Malaria kali ilitibiwa kwa dripu ya kwinini, iendayo taratibu kwa saa nne, na ambayo huweza kushusha sukari ya mtoto. Utafiti wa AQUAMAT uliilinganisha na sindano ya artesuneti kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika. Korogwe na Muheza zilikuwamo. Matokeo yalitoka 2010: katika kila mia, walifariki takribani kumi na mmoja kwa kwinini, na wanane na nusu kwa artesuneti. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali.

Kwa hiyo mama wa Korogwe aliyekubali mwanawe aingizwe kwenye utafiti, huku machozi yanamtoka, amewatibu watoto wa nchi ambazo hatazifika. Sisi hatujawashukuru vya kutosha wazazi wale.

Na wewe uliye na mgonjwa leo: artesuneti hupunguza hatari, lakini haimalizi kazi peke yake. Mtoto akianza kumeza, lazima apewe dozi kamili ya ALu, vidonge vya dawa mseto ya malaria, siku tatu. Ukiruhusiwa kutoka, usiondoke wodini kabla hujaulizia vidonge hivyo.