Usiku Tupike Nini? Jibu Lake Litafute Jana

Asalaam aleykum, dada zangu na kaka zangu wa Unguja na Pemba. Leo kamera iko jikoni, na mada ni ile mnayoiuliza kila mara: usiku tupike nini? Sisemi chakula cha wageni wala cha sikukuu. Nasema cha Jumatatu, cha Jumatano, watu sita wamekaa mkekani na wote wana njaa.

Kawaida ya kwetu chungu kikubwa ni cha mchana, na usiku ni chai na mkate au kilichobaki. Hapa London watoto wanakula skuli, wakubwa wanakula kazini, chungu kikubwa kimehamia usiku. Na mjini huko, nyumba ambazo baba na mama wote wanarudi magharibi zimo katika hali hii hii, kwa hivyo haya yanamhusu wa Mwanakwerekwe kama yanavyomhusu wa huku.

Swali la leo hulijibu leo, unalijibu jana usiku. Ukisubiri mpaka saa 12 jioni, vyakula vyote vizuri na rahisi vimeshakukataa: maharage hayakurowekwa, samaki amekuwa jiwe ndani ya friza, muhogo haujamenywa. Zimebaki mbatata na mayai. Nyumba inayokula chipsi mayai siku 4 kwa wiki, ukiichunguza, utakuta mpishi si mvivu hata kidogo. Uamuzi ndio unaochelewa.

Basi ukimaliza kuosha vyombo vya usiku, fungua friji ujiulize mawili tu. Kitu gani kitaharibika kwanza? Na kesho nitakuwa na muda gani wa kusimama mbele ya jiko? Wali, sembe, unga wa ngano, hivyo viache, vitasubiri. Anza na kitoweo. Mchicha siku ya pili umeshalala, bamia siku ya tatu zimeanza madoa, kabichi inakaa wiki nzima bila kulalamika. Kwa hivyo mchicha upikwe Jumapili, kabichi ingoje Alhamisi. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu kabichi ni kubwa na inaziba njia ndani ya friji, wanaanza nayo, na mchicha unaishia kutupwa.

Sasa nije kwenye nazi, maana kwa chakula chetu nazi ndiyo inayopanga wiki. Mchuzi wa nazi uliolala jikoni bila friji, asubuhi umechacha. Hauna subira. Kwa hivyo siku za nazi ziweke zile ambazo watu wote watakuwepo na chungu kitaisha usiku ule ule. Siku ambazo hujui nani atarudi saa ngapi, pika chukuchuku au mchuzi wa ukwaju. Na wapo watakaonipinga, lakini nalisema: nazi iwe upande mmoja wa sinia. Wali ukiwa wa nazi, kitoweo kiwe samaki wa kukaanga na kachumbari yenye ndimu. Mchuzi ukiwa wa nazi, wali uwe mweupe. Pande zote mbili zikiwa na tui, chakula kinakuwa kizito kwa watu wanaokwenda kulala, na umemaliza nazi za siku mbili kwa usiku mmoja.

Tazameni hapa, nisogeze kamera. Nazi moja iliyokunwa, naikamua mara ya kwanza kwa kikombe 1 cha maji ya vuguvugu: hii ni kasimile, nzito, naiweka mbali. Mara ya pili na ya tatu kwa vikombe 2 vya maji kila mara: hili ni tui jepesi. Kwa tui la kopo la mililita 400, usilitikise. Fungua, ile nzito iliyoganda juu iteke kwa kijiko iwe kasimile, maji ya chini yaongeze kikombe 1 cha maji yawe jepesi. Makopo mengine yana kigandishaji na hayatengani. Hayo gawa nusu kwa nusu, nusu ya mwanzo pikia, nusu ya pili ngoja mwisho.

Tui jepesi ndilo linalopikia, kasimile inaingia dakika 5 za mwisho tu, moto mdogo, bila mfuniko, na upawa haupumziki. Mnaona pembeni mwa sufuria linaanza kufurukuta? Hapo ondoa. Likichemka kwa nguvu linakatika, unaona mafuta yanaelea huku na vipande vyeupe vinakaa chini. Sababu yake ni kwamba tui ni mafuta yaliyoshikiliwa na protini ndani ya maji. Moto mkali unaikaza protini, inayaachia mafuta. Ndimu nayo inafanya vivyo hivyo, kwa hivyo ukwaju au ndimu itie mapema ndani ya tui jepesi, na anayetaka zaidi akamulie sahanini. Likishakatika, ladha bado ipo, usimwage.

Kwa ile siku usiyo na muda kabisa, jibu langu ni mseto. Choroko za kupaaza hazihitaji kurowekwa. Kikombe 1 cha choroko, vikombe 2 vya mchele, vikombe 7 vya maji na tui jepesi vikichanganywa, thomu punje 4 zilizopondwa, chumvi. Choroko zitangulie dakika 15 peke yake, ndipo utie mchele. Ukivitia pamoja mchele unakuwa uji na choroko bado zinauma jinoni. Vikishakuwa laini, saga kwa mwiko, tia kikombe 1 cha kasimile, funika, moto wa chini kabisa dakika 10. Ukiwa na seredani, toa makaa mengine chini uyapalie juu ya mfuniko. Kipande cha ng'onda au dagaa wa kukaanga pembeni, na achari. Kutoka mlangoni mpaka sahanini ni kama dakika 50, na nusu ya hizo hushughuliki na lolote.

Maharage na mbaazi kavu ndizo zinazotaka uamuzi wa jana. Zikae majini muda wa saa 8, kisha maji yale mwaga. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, maana yana sumu yake ambayo moto wa polepole hauiui. Na tungule usizitie mpaka yameiva. Uchachu unalikaza ganda, utachochea kuni mpaka usiku wa manane na punje bado ngumu, halafu lawama anapewa muuza duka.

Kitu kimoja cha kufanya siku ya mapumziko, na kama utachukua moja tu katika video hii chukua hili: rojo. Vitunguu maji kilo 1, tungule kilo 1 na nusu, thomu vichwa 2, tangawizi urefu wa kidole, mafuta robo lita. Kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya dhahabu, tia thomu na tangawizi, kisha tungule, upike bila kufunika. Wengi wanaondoa mapema. Likiondolewa mapema linabaki na maji, linakuwa chachu, na siku ya tatu limeshaota ukungu. Ngoja mpaka mafuta yajitenge juu, na mwiko ukipita chini ya sufuria uache njia isiyojifunga haraka. Likipoa, ligawe kikombe kikombe. Kikombe 1 kinatosha mchuzi wa watu sita. Siku 4 ndani ya friji, zaidi ya hapo friza. Juu ya rojo lile lile, Jumatatu tia bizari ya mchuzi na nyama, Jumanne ukwaju na samaki, Jumatano biringani na tui. Bizari usizitie tangu mwanzo, wiki nzima itakuwa na ladha moja.

Samaki. Walioko nyumbani mna neema ambayo huku tunailia, basi mtazame mwezi kabla hamjatazama mfuko. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kamili wanapungua, bei inapanda. Wanunue usiku wa giza, wakaushe. Pweza mtafute siku za bamvua, maji yakikauka mbali. Kusi likivuma na bahari ikichafuka, usipange samaki siku 5, panga 2 na kunde zikamate zilizobaki. Jodari na vibua wanataka tahadhari: waliokaa juani wanatengeneza sumu inayowasha mwili na kuleta wekundu usoni, na kupika hakuiondoi. Nunua waliolala kwenye barafu, au waache. Wa friza mshushe chini kwenye friji jana usiku, juu ya sahani. Ukimtosa ndani ya maji moto, nje anavurugika na ndani bado barafu.

Na kiporo, jamani, naomba mnisikilize hapa. Wali usilale ndani ya sufuria jikoni. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa moto wa kupikia. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinatoa sumu, na sumu ile haiondoki hata ukiupasha mpaka ukatoa moshi. Matapishi ya alfajiri ambayo watu wanasema mtoto kapata upepo, mara nyingine chanzo kinaweza kuwa hiki. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, ndani ya saa 1 uwe kwenye friji, na kesho uishe. Usioweza kuliwa kesho, punguza kipimo: kwa watu sita, robo tatu kilo ya mchele inatosha pakiwa na kitoweo cha maana.

Wa Wete, wa Konde, na wote wenye shelisheli uani, niandikieni hapo chini mnalipika na nini siku za kazi, nataka video ijayo iwe yake. Hapa sasa ni saa 3 usiku. Kesho ni mbaazi za nazi na chapati. Hizi ni nusu kilo, nimeshazichagua mawe, nazitia maji yazizidi kwa vidole vitatu, nafunika kwa kawa, na taa ya jikoni nazima.